Vishipa Vimerudi Usoni? Tuonyeshe Kwanza Kopo la Krimu

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano usiku, urefu wake dakika nne kasoro kidogo. "Nimewalipa vikao vitatu vya leza. Mkaniambia vishipa vitakufa. Leo nimejitazama kwenye kioo cha gari, viko palepale. Mmenila hela." Niliusikiliza mara mbili, nikaulalia. Asubuhi nikamwandikia: pole dada yangu, njoo Jumamosi, na uje na kila unachopaka usoni, hata kile ambacho siku ile hukukitaja.

Alikuja na kimfuko cha kitenge. Vitu vinne. Sabuni. Maji ya waridi. Losheni ya jua tuliyomuuzia sisi mwezi wa pili, bado imejaa hadi shingoni. Na kopo dogo jeupe lisilo na lebo, kifuniko kimebanwa kwa raba bendi. "Hiyo ananikorogea shangazi," akasema, "lakini napaka usiku tu, na kidogo."

Usiku tu, na kidogo. Maneno hayo nayasikia karibu kila Jumamosi, ndiyo maana leo naandika kirefu, ili lawama ikianza tuwe tumeshaelewana.

Vile vinyuzi vyekundu mashavuni na pembeni mwa pua ni mishipa midogo sana ya damu iliyo juujuu kwenye ngozi, imetanuka na imegoma kurudi ilivyokuwa. Wapo wanaovipata kwa jua la miaka mingi, wapo wa kurithi, wapo wenye rosasia, ule ugonjwa wa ngozi unaoufanya uso kuwa mwekundu, wapo wa ujauzito ambao mara nyingi vyao hupungua vyenyewe baada ya kujifungua. Lakini kwa wateja weusi wanaopanda ngazi za kliniki yetu hapa Kinondoni, chanzo ninachokutana nacho mara nyingi kuliko vyote ni krimu yenye steroidi kali. Klobetasoli, mojawapo ya steroidi hizo, ni dawa nzuri mno mahali pake. Daktari akikupa kwa pumu ya ngozi iliyogoma kiwikoni, itakusaidia. Ila ni kali, haitakiwi kuzidi wiki mbili mfululizo, na uso si mahali pake. Watu wanaipaka usoni miaka mitatu, tena imechanganywa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na wakati mwingine zebaki, vitu ambavyo TBS, Shirika la Viwango Tanzania, waliokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, wanavikamata kila mara na kuviteketeza.

Sasa sikiliza namna steroidi inavyomdanganya mtu. Ukiipaka, inabana mishipa. Uso unatulia, unang'aa, vishipa havionekani. Wakati huohuo inaikondesha ngozi, na kile kinachokishika kishipa kisitanuke kinapungua. Ukiacha siku mbili, mishipa inafunguka yote kwa pamoja, uso unawaka moto, unawasha, vipele vinatoka. Unasema, "Ona, bila krimu yangu naharibika." Unarudi kupaka. Krimu inaficha kile inachokitengeneza, na huyo dada yangu wa ujumbe wa sauti alikuwa anaziba kwa leza mchana na kufungua kwa kopo usiku. Vishipa tulivyopiga mwezi wa tatu havikurudi. Picha tunazo, tulikaa naye tukazipanga mbili mbili kwenye kompyuta. Alivyoviona kwenye kioo cha gari vilikuwa vipya, vidole viwili chini ya vile vya zamani. Alikaa kimya muda, halafu akauliza kama picha zile kuna mtu mwingine anaziona.

Kabla sijawasha mashine huwa nachukua kipande cha kioo chembamba, kile cha maabara, nakibonyeza shavuni. Wekundu ukipotea chini ya kioo na kurudi ninapokiinua, hiyo ni damu inayotembea, leza ina kazi. Rangi ikibaki palepale, hasa ile ya bluu iliyochanganyika na weusi, kama moshi wa kibatari umeshika kwenye mfupa wa shavu, hilo ni doa la haidrokwinoni ya muda mrefu na leza ya vishipa haitalitoa hata ukilipa vikao ishirini. Kipimo hicho ni cha nusu dakika. Kuna mama alikuwa ameshalipa kwingine vikao vitano vya "kuua mishipa" kwa doa la namna hiyo. Hakuwa na mshipa hata mmoja wa kuua.

Leza yenyewe si uchawi. Wazo lake liliandikwa na Wamarekani wawili, Anderson na Parrish, mwaka 1983: chagua mwanga ambao shabaha yako inaunywa kuliko vitu vinavyoizunguka, upige kwa muda mfupi sana, joto libaki kwenye shabaha. Shabaha yetu ni damu. Damu ikichemka ndani ya kishipa, ukuta wake unaungua na kujifunga, na mwili unayasafisha mabaki wiki kwa wiki. Shida yetu sisi weusi ni kwamba rangi ya ngozi nayo inakunywa mwanga. Mwanga wa kijani wa nanomita 532 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) na wa njano wa 595 damu inaupenda kweli, ila melanini, yaani hiyo rangi ya ngozi, inaupenda vilevile, na melanini iko juu, inaupata kwanza. Kwa hiyo tunatumia leza ya Nd:YAG, nanomita 1064, mwanga usioonekana kwa macho, ambao kwa sehemu kubwa unaipita melanini na kwenda chini. Gharama yake ni kwamba hata damu haiunywi sana, inabidi kupiga kwa nguvu zaidi, na nguvu zaidi inataka mkono uliotulia. Ukipiga mara mbili pointi moja bila kuipoza, unachimba kovu. Hasa puani. Nimeona pua yenye kifereji kama kilichochorwa kwa ukucha kwenye siagi, kazi ya mtu aliyekuwa na haraka.

Mteja mweupe wa asili, awe Mhindi wa Upanga, Mwarabu wa Unguja au Mzungu, mara nyingi mwanga wa njano ungemfaa vizuri zaidi. Mashine hiyo hatuna, na huwa tunamwambia.

Hapa ndipo tunapogombana na wengi. Mteja anakaa kitini, uso Fanta, vidole Pepsi, ananiambia: "Mimi ni mweupe, niwekee nguvu za watu weupe." Shoga yangu, weupe wa kopo si weupe. Mkorogo umezizima zile chembe zinazotengeneza rangi, haujaziondoa. Ziko hapo zimenuna, na joto la leza linaweza kuziamsha zote pamoja. Ukapata doa jeusi lenye umbo la pigo, kubwa kuliko kishipa ulichokuja kukitoa. Kwa hiyo mimi sisomi uso. Nasoma viungo vya vidole, nasoma kisigino, nasoma ngozi iliyojificha chini ya mkanda wa saa. Rangi ninayoikuta huko ndiyo ninayoipangia mashine. Kuna wanaochukia. Mmoja aliinuka akaondoka, akasema nimemtukana.

Kisha tunapiga jaribio. Mapigo matatu au manne karibu na sikio, mahali panapofunikwa na nywele au ushungi, halafu tunasubiri wiki sita. Ndiyo, sita. Kuungua kunaonekana siku hiyohiyo, lakini weusi unaokuja baada ya joto hujitokeza taratibu, wiki ya tatu, wiki ya nne. Anayekwambia "tunapiga leo leo uso mzima" hajakuokolea muda, amekugeuza wewe mwenyewe kuwa jaribio.

Nawakumbuka wengi, lakini bibi harusi mmoja simsahau. Alikuja sendofu imebaki wiki tatu. Nikamwambia haiwezekani, jaribio peke yake ni wiki sita, nenda kwa mpambaji mzuri, vishipa vyako vinafunikika kabisa, uje baada ya harusi. Bei pia ilimkera. Akaenda saluni moja, akalipa elfu arobaini. Kule walimwambia ni leza. Haikuwa leza. Ilikuwa ile mashine ya mwanga wa kumwekamweka ya kuondolea nywele, yenye dirisha la mstatili, na waliiweka kama wanavyomwekea mtu mweupe. Alirudi kwangu siku nne kabla ya sendofu na mama yake. Mashavuni alikuwa na mistatili, mitatu huku, mitatu kule, kama matofali yaliyopangwa na fundi mwanafunzi. Ile ya kulia ilikuwa imeanza kuvimba maji. Mama yake hakusema neno zaidi ya "Sasa tunafanyaje, mwanangu?" na sikujua ananiambia mimi au bintiye.

Hatukuwa na la kufanya kwa leza. Daktari wetu wa ngozi alimfunga vidonda, akampa dawa, akamwekea masharti ya jua. Sendofu ilifanyika kwa vipodozi vizito. Weusi wa matofali yale ulichukua karibu mwaka mzima kufifia, na kwa dawa na marejeo alilipa mara nane ya zile elfu arobaini. Vishipa? Vilikuwa bado vipo. Tulivitoa mwaka uliofuata, vikao viwili.

Wengine njia yao ya mkato ni ya nyumbani. Limau. Siki. Dawa ya meno. Kaka mmoja, fundi seremala, alipasha sindano kwenye jiko la gesi akachoma kishipa cha puani kimoja kimoja, kwa uvumilivu wa ajabu lazima niseme. Vishipa vitatu viliondoka, makovu matano yakabaki.

Turudi kwenye bei, maana najua ndiyo mliyoisubiri. Kikao kwetu ni shilingi 180,000, kumwona daktari siku ya kwanza ni 30,000, jaribio limo humo. Mteja anahesabu: dakika kumi na tano za mapigo, laki na themanini, hawa wanachimba dhahabu. Ndani ya mashine kuna taa inayohesabu mapigo kama mita ya gari inavyohesabu kilomita, ikifika mwisho inanunuliwa nyingine, na haiuzwi Kariakoo. Kuna kidhibiti umeme, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Siku unapocheza tunasimamisha kikao katikati, tunakupoza, unarudi siku nyingine bila kulipa tena. Kuna kichwa cha kupoza kinachogusa ngozi kabla na baada ya kila pigo. Kuna ngao za macho, maana mwanga huo hauonekani lakini unafika ndani kabisa ya jicho. Mteja mmoja alizivua apige selfi wakati nimeshika mashine. Nilipiga kelele hadi mapokezi wakaja mbio. Na kope hatugusi, hata ukiniongezea hela.

Vilevile kuna kazi ambazo daktari wetu anazikataa, na kwa kuzikataa hatulipwi chochote zaidi ya ile elfu thelathini. Baba mmoja alikuja na vishipa vyenye umbo la buibui, si usoni tu, kifuani na mabegani pia, akitaka vitolewe kabla ya safari. Daktari alimwandikia vipimo vya ini. Kijana mwingine alikuwa na vidoti vyekundu midomoni na ulimini, na anatokwa damu puani tangu utotoni, kama mama yake. Huyo naye alipelekwa hospitali. Ukiona tumekurudisha na karatasi badala ya kukupiga leza, usidhani mashine imeharibika.

Matarajio nayo yawe ya kweli. Wengi wanahitaji vikao viwili hadi vinne, kimoja kila baada ya wiki sita hivi. Baada ya pigo utahisi kama raba bendi ya moto imekudunda, uso utavimba kidogo siku moja au mbili, pengine ukoko mwembamba. Ukoko usiubandue. Losheni ya jua kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Vinapungua sana, vingine vinakwisha kabisa, vya puani ni vibishi. Anayekuahidi asilimia mia muulize kama ataiandika na kusaini.

Na kama unatumia mkorogo, kikao hakuna mpaka uuache, tena uuache kwa mpango wa daktari, kwa sababu ukiukata ghafla uso unaweza kuripuka kwa wiki au miezi. Hapa hatuuliziani dini wala sababu. Shangazi yako simjui na simsemi. Nataka kopo tu.

Dada yangu wa ujumbe wa sauti tulielewana hivi: hela ya vikao vitatu sikumrudishia, kazi ilifanyika na picha zinaonyesha. Jaribio jipya nitampigia bila malipo. Daktari amemwandalia ratiba ya kushuka kidogo kidogo. Juzi kanitumia picha, shavu limevimba, jekundu kama nyanya ya Ilula, na maandishi chini yake: "Leo siku ya kumi na moja. Shangazi kanuna." Nikamwambia aweke kitambaa cha maji ya baridi, asipake kitu kingine chochote, na Jumanne aje daktari amwone.