Barua ya wazi kwa Meya wa Johannesburg: Pride irudi Hillbrow

Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Tangu 2020 nchi hii imekiruhusu kiwe somo la hiari shuleni, na pale soko la Yeoville, Mkongo akiuza sombe na sisi tukiiita kisamvu, bei tunapatana kwa lugha hiyohiyo. Wa kukutafsiria hutamkosa.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Ikikaribia Oktoba huletewa vitambaa vya rangi za upinde wa mvua nishone mashati ya Pride, yale maandamano ya kila mwaka ya mashoga na wasagaji, ambayo siku hizi huwa Sandton, kwenye mitaa ya matajiri. Mwaka mmoja alikuja kijana wa Kampala, kuchu, kama mashoga na wasagaji wanavyojiita kule. Alipolijaribu shati akajitazama kwenye kioo, akacheka, kisha akaniuliza: "Mama, nikipanda teksi mbili nimevaa hili, Sandton nitafika?" Sikuwa na jibu. Akalivua, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

Mfuko ule ndio ulionifanya nianze kuulizia. Nikaambiwa kwamba tarehe 13 Oktoba 1990, maandamano ya kwanza ya aina hii barani Afrika yalipoanzia mtaa wa Braamfontein, waandaaji waligawa mifuko ya karatasi iliyotobolewa macho. Aliyeogopa kuonwa na mwajiri au na mjomba wake aliivaa kichwani. Walikuwa watu mia kadhaa tu, weusi kwa weupe, wakapita mtaa wa jirani wa Hillbrow katikati ya maghorofa, huku sheria ya makaburu ikihesabu mapenzi ya mwanamume na mwanamume kuwa jinai. Sheria hiyo ilikuja kufutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1998.

Aliyekuwa mbele ni Simon Nkoli, mtoto wa Soweto. Huyu alikamatwa 1984 na kufikishwa mahakamani katika kesi ya uhaini ya Delmas, pamoja na wapinzani wenzake wa makaburu, akina Popo Molefe na Mosiuoa Lekota. Akiwa humo humo gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye ni shoga. Wapo waliokasirika, wakaona anawachafulia kesi. Lakini walikuwa wanakula naye, wanalala naye chumba kimoja, na kitanzi kinachowasubiri ni kimoja, na kidogo kidogo baadhi yao wakabadilika. Alipoachiwa alianzisha GLOW, chama cha mashoga na wasagaji, ndicho kilichoandaa maandamano yale, yeye na Beverley Ditsie na wengine. Katiba ya 1996 ilipokataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi, ilikuwa imepita miaka sita tu tangu ile mifuko. Nkoli alifariki 1998 kwa UKIMWI, na kona ya barabara za Twist na Pretoria, Hillbrow, ikapewa jina lake.

Sasa, Mheshimiwa, maandamano yenyewe yaliihama kona hiyo. Yalikwenda Rosebank na Zoo Lake, baadaye Sandton. Sisemi waliohama walikuwa na nia mbaya. Hillbrow ilikuwa imeanza kutisha, na mimi mwenyewe saa mbili usiku sipiti huko. Ila kuna kilichopotea njiani. Oktoba 2012, wanawake wa One in Nine, kampeni ya kupinga ukatili wa kingono, walijilaza barabarani pale Rosebank kuyasimamisha maandamano, wakiomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya wasagaji weusi waliouawa huko lokesheni, kwenye vitongoji vya watu weusi. Walisukumwa na kutukanwa na waandamanaji wenzao. Mwaka uliofuata kamati iliyokuwa ikiandaa Pride ikavunjika.

Utaniambia Sandton ndiko kwenye usalama. Oktoba 2022 ubalozi wa Marekani ulitoa onyo la uwezekano wa shambulio la kigaidi hukohuko Sandton, wikendi ileile ya Pride. Watu waliandamana, polisi wakawalinda. Kumbe ulinzi hufuata watu pale mkiamua.

Najua jiji haliandai Pride na haliwezi kuwaamuru waandaaji wapite wapi. Lakini ninyi ndio wenye barabara na polisi wa jiji, na njia haipangwi bila kukaa nanyi. Ombi langu ni dogo: mtakapokaa nao, ninyi mwe wa kwanza kuwapa njia ya Braamfontein hadi kona ya Nkoli, hata iwe ni kwa saa mbili za asubuhi kabla ya sherehe za Sandton, taka zikiwa zimezolewa na taa za kuongozea magari zikiwaka. Sandton wabaki na jukwaa lao na muziki.

Kutoka Yeoville hadi kona ile ni mwendo wa miguu. Lile shati, yule kijana bado analo. Alinipitishia juzi nimpunguzie mikono.

Wako,
Fundi cherehani, Yeoville