Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Chanjo ya Homa ya Dengue

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Afya, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kupanda mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, hadi shuleni kwetu. Tuliagizwa tueleze tulichojifunza kuhusu chanjo ya dengue, nasi tunakuomba radhi mapema, kwa kuwa ombi tutakalomalizia nalo si la chanjo.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Dengue, ambayo kamusi zetu huiita kidingapopo, huenezwa na mbu aina ya Aedes anayeuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Wala hana haja na Ziwa, kwani hutaga kwenye maji yaliyotuama katika vyombo. Tulipokagua nyumba zilizo jirani na shule, ambako mgao wa maji humlazimu kila mtu kuweka pipa, tulikuta pipa moja limefunikwa vizuri kwa nailoni na maji yake ni safi kabisa. Viluwiluwi vilikuwa juu ya nailoni yenyewe, pale ilipobonyea na kukinga mvua. Mama mwenye nyumba alicheka, akaikung'uta mbele yetu.

Virusi vya dengue ni vya aina nne. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini akiambukizwa nyingine baadaye anaweza kuugua vibaya zaidi, na hapo ndipo chanjo ya kwanza, Dengvaxia, ilipokwama. Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi mwaka 2016, na waliochanjwa wakazidi 800,000. Novemba 2017 watengenezaji wake, Sanofi, walitangaza kwamba mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa akichanjwa anaweza kuugua vikali zaidi siku atakapoambukizwa, kwa sababu inadhaniwa mwili huipokea chanjo hiyo kana kwamba ndiyo maambukizi ya kwanza. Mpango ulisimamishwa, na imani ya wazazi ikashuka hata kwa chanjo ya surua, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Chanjo iliyofuata, Qdenga ya kampuni ya Takeda, hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana miezi mitatu. Katika majaribio ilizuia takriban asilimia 80 ya ugonjwa kwa mwaka wa kwanza. Baada ya miaka minne na nusu kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 61, ingawa kwa wagonjwa wa kulazwa kilibaki asilimia 84, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo tarakimu ya kutazamwa kwanza na mtu anayejua wodi zetu zinavyojaa. Hata hivyo, kwa wasiowahi kuambukizwa, manufaa yake dhidi ya aina ya tatu na ya nne hayakuthibitika. Ndiyo maana mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri ipewe watoto wa miaka 6 hadi 16 katika maeneo yenye maambukizi mengi, si kila mahali. Brazili ilianza kuitoa Februari 2024, lakini dozi zilikuwa chache, na mwaka huo wagonjwa walizidi milioni 6.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Je, Mwanza ni eneo la maambukizi mengi? Mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2019 ulijulikana kwa sababu watu walipimwa. Huku kwetu kila homa huitwa malaria. Mwenzetu mmoja alimeza dawa mseto mara mbili katika wiki tatu, ilhali kipimo kilionyesha hana malaria. Hatudai kwamba ilikuwa dengue, kwa kuwa hakuna aliyempima ugonjwa huo.

Tunaomba, kwa hiyo, vipimo vya haraka vya dengue vipelekwe katika zahanati za kata yetu, na wanafunzi wachunguzwe damu kwa ridhaa ya wazazi, ili ijulikane ni wangapi wamekwisha kuambukizwa kabla suala la chanjo halijafika mezani kwako. Kwa upande wetu tutaendelea kukagua mapipa kila Jumamosi. Daftari la ukaguzi liko mbele yako, na nyumba ya yule mama ni ya saba.

Tunaomba kuwasilisha.