Shauri la Somoe

Magomeni, Mtwara

Mpendwa shoga yangu Hadija,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo isipokuwa joto, na habari za harusi ya Mwajuma zitasubiri tuonane, kwa sababu leo nina jambo moja tu.

Somoe wetu ameachishwa kazi kiwandani. Wenyewe hawakusema hivyo. Walimwambia kwamba mkataba wake umekwisha na hautahuishwa, ilhali wenzake wa meza ile, walioanza naye msimu uliopita na ambao mikataba yao huhuishwa kila inapokwisha, waliendelea kubangua korosho kesho yake kama kawaida. Kinachomtofautisha nao ni mimba ya miezi sita. Siku chache kabla ya hapo msimamizi alikwisha kumtolea maneno mbele ya watu, kwamba wanawake wa huku wakitoka unyagoni wanaingia uzazini, na kwamba ni heri waletwe watu wa mikoa mingine wenye moyo wa kazi. Na kweli, kwenye kiti chake sasa ameketi binti aliyeletwa kutoka mbali. Sina ugomvi naye, kwani anatafuta riziki yake. Ninachouliza ni huo uvivu wa Wamakonde wameuona wapi, maana vidole vya Somoe hadi leo vina weusi wa mafuta ya maganda usiotoka kwa majivu wala kwa ndimu, na malipo yenyewe yalikuwa kwa kilo.

Shemeji Bakari amenisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya ujauzito, na katika orodha hiyohiyo limo kabila na mahali mtu anakotoka, kwa hiyo bwana yule kwa kauli moja aliyagusa yote mawili. Kuhusu hicho kisingizio cha mkataba kwisha, kifungu cha 36 kinasema kwamba kutohuisha mkataba wa muda, pale mfanyakazi alipokuwa na sababu ya kutarajia utahuishwa, nako ni kumwachisha kazi. Na kifungu cha 37 hakikubali ujauzito uwe sababu halali ya kumwachisha mtu. Hesabu yao naiona waziwazi: wangehuisha, muda si mrefu wangedaiwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kama ni mapacha, na akirudi wampe nafasi ya kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku.

Tulipopiga kelele za gesi yetu kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2013 tulidai wenyeji wanufaike, lakini sikumbuki kumsikia yeyote akimtaja mwanamke mwenye mimba. Tuliache hilo.

Linaloninyima usingizi ni muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na Somoe anasema ajifungue kwanza ndipo afikirie, huku mama yake akimwambia kwamba mwenye kiwanda hashtakiwi na masikini akashinda. Akingoja kujifungua, siku hizo zitakuwa zimekwisha zamani, naye atalazimika kuomba kwanza akubaliwe kuchelewa. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Wewe atakusikiliza, kwa kuwa ulikuwa mwakilishi wa wafanyakazi hapo Lindi na anakumbuka ulivyosimama na mama Shani katika shauri lake. Nakuomba uje Jumamosi hii, nauli nitakurudishia, na ukiweza uje na nakala ya ile fomu namba 1 ya kupelekea malalamiko CMA, tuijaze pamoja kabla hajaenda kliniki Jumatatu.

Kisha nijibu haya kwa simu, usingoje kuandika. Wale wawili waliosikia maneno ya msimamizi bado wako kazini na wanaogopa. Je, wanaweza kutoa ushahidi bila kuponzwa? Mama Shani alilipwa fedha au alirudishwa kazini? Chama cha wafanyakazi kinaweza kumsaidia mtu ambaye hakuwahi kukatwa ada? Na je, Somoe mwenyewe akisema hataki kurudi kwenye meza ile hata akishinda, hilo litamharibia shauri?

Wako akupendaye,
Zainabu