Barua ya malalamiko: mlitupeleka renji bila kutufundisha adabu za renji

Kwenu wakurugenzi na wafanyakazi wote wa kampuni,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YENU YA KULENGA SHABAHA HAPA PHOENIX, ARIZONA

Shikamooni mnaostahili, wengine habari za kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu mlilisambaza kwa Kiswahili kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, "njooni familia nzima tukalenge shabaha, mwongozaji anaongea Kiswahili, vifaa vipo, msosi upo", na hilo la mwongozaji wa Kiswahili ndilo lililonifanya nimlipie dada yangu, mpwa wangu, na mama mmoja jirani yetu kutoka Bujumbura ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu.

Mimi renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, naipenda, niseme mapema msije mkadhani nalalamika kwa kuogopa mlio. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, shabaha nilifundishwa na maafande ambao ukigeuka tu na silaha mkononi siku yako imeisha, na huku Arizona huwa naenda Ben Avery, pale kaskazini mwa jiji kando ya barabara kuu ya I-17, uwanja unaoendeshwa na idara ya wanyamapori ya jimbo na ni mmoja wa viwanja vikubwa vya umma vya shabaha nchi hii. Na viwanja vya umma vina wenyewe jamani. Kuna sheria ya mwaka 1937 inaitwa Pittman-Robertson, inawatoza watengenezaji kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi na asilimia 10 kwenye bastola, hela inarudi kwenye majimbo kutunza wanyamapori na sehemu yake inajenga na kukarabati renji, kwa hiyo yule mzee unayemkuta amekaa na kiti chake na chupa yake ya kahawa amechangia pale kila aliponunua boksi la risasi, na anategemea na wewe uje na heshima. Ninyi mlituingiza pale kama wageni walioalikwa harusini bila kuambiwa harusi ni ya nani.

Nianze na nguo, maana ndipo kasheshe lilipoanzia. Tangazo lilisema tupendeze kwa ajili ya picha, basi akina mama wakapendeza, vitenge vya shingo pana, sendo za wazi. Mtu yeyote aliyewahi kushika bastola ya magazini, kile kikasha cha risasi, anajua kwamba kila ukifyatua inarusha ganda la risasi, na ganda likitoka ni la moto kweli kweli, ndiyo maana wazoefu wanavaa fulana inayobana shingo, kofia yenye kingo na viatu vya kufunika. Mama jirani akapiga ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, akiwa analenga ya tatu ganda la jamaa wa pembeni likagonga kibao kinachotenganisha wapigaji, likaruka, likamwingia kifuani moja kwa moja. Mama akaanza kuruka, bega huku bega kule, mkono mmoja unachimbua ndani ya gauni na mwingine bado una bastola yenye risasi na kidole kiko kwenye triga, yaani kifyatulio, na watu wetu waliokuwa nyuma wakadhani anashangilia, wakapiga vigelegele, na mwongozaji wenu, mtu mliyemlipa kutulinda, akapaza sauti "cheza mama, cheza!" huku anarekodi.

Aliyetuokoa ni msimamizi wa usalama wa renji, mzee wa kizungu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa ambaye watu wetu tangu asubuhi walikuwa wanamwita afande, mpaka akawa anaitikia. Alikuja kwa hatua mbili tu, akamshika mama kifundo cha mkono, akauelekeza mtutu kwenye tuta la udongo, akamtoa kidole kwenye triga, akachukua bastola akaiweka mezani magazini ikiwa imetoka, halafu akageuka akampa mama mgongo ili atoe ganda lake kwa staha. Hakugomba. Baadaye wote tulicheka, mama mwenyewe alicheka mpaka machozi na ganda lile kaliweka kwenye pochi anawaonyesha watu kanisani, lakini mimi nilimwona pale kwenye mstari na kidole kwenye triga na sitanii hata kidogo, pale kulikuwa na watoto. Sentensi moja tu ya Kiswahili ingetosha kabla hajashika ile bastola: ganda likikuingia vumilia likuunguze, weka silaha chini kwanza, halafu ndio uruke utakavyo.

Na si kwamba mambo haya ni siri. Jeff Cooper, yule mwanajeshi wa Marine, kikosi cha wanamaji wa Marekani, aliyeanzisha mwaka 1976 shule ya kufundisha silaha inayojulikana leo kama Gunsite, hapa hapa Arizona, ndiye aliyezifanya zile kanuni nne zijulikane kila renji: kila bunduki ichukulie ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kisiguse triga mpaka umeshalenga, na ijue shabaha yako na kilichoko nyuma yake. Dakika tatu unazimaliza. Mwongozaji wenu alitumia muda mrefu zaidi kutupanga kwa ajili ya picha ya pamoja.

Halafu huyo huyo ndiye aliyetaka kujirekodi, akageuza simu, akageuka na yeye na bunduki ndefu mkononi, mtutu ukapita mbele ya watu wote waliokuwa kwenye mstari, mmoja mmoja, nikaona wanaume wazima wanainama chini ya meza. Afande akamtoa nje palepale. Yaani mtu wa kwanza kufukuzwa renji siku ile alikuwa ni mwongozaji wetu, na kuanzia hapo hatukuwa na mtu yeyote wa kutufafanulia chochote, ikabidi mimi mteja niliyelipa nisimame nyuma ya watu ninaotafsiri mpaka koo linakauka.

Ikatokea ile ya kusimamisha kufyatua. Renji ya nje kwa kawaida haina mashine ya kukuletea karatasi ya shabaha, inabidi kila baada ya muda msimamizi atangaze, bunduki zote zitolewe risasi, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, iachwe wazi, kila mtu arudi nyuma ya mstari wa njano, ndipo watu waende mbele kubadilisha karatasi, na wakati watu wako kule mbele hugusi silaha, hugusi hata begi la silaha. Watu wetu hawakujua. Mjomba mmoja alipoona wenzake wote wamerudi nyuma akafikiri wamempisha apige vizuri, akakaa mezani akaanza kujaza magazini taratibu kabisa, na watu wanne wakapiga kelele kwa pamoja. Mzee wa watu alifadhaika sana na hakustahili kufadhaishwa vile mbele ya wajukuu zake.

Ni mjomba huyo huyo aliyekuwa anapiga karatasi ya jirani muda wote bila kujua. Jirani yake alikuwa mstaafu mmoja anarekebisha darubini ya bunduki yake, anapiga risasi tatu anachungulia, anakuta matundu saba, anakuna kichwa, anarekebisha tena. Alipogundua akaja anatabasamu kuuliza nani anamsaidia. Adabu ya renji hapo ni rahisi tu, unaomba radhi, unampa karatasi mpya kutoka kwenye furushi lako, yameisha. Mjomba kwa kuwa hakuna aliyemweleza akadai matundu ni yake na karatasi anaitaka aende nayo nyumbani, na wakabishana pale kila mtu kwa lugha yake mpaka yule mstaafu akacheka, akaibandua karatasi, akaikunja vizuri akampa. Mungu ambariki yule baba. Karatasi iko sebuleni kwa mjomba sasa hivi.

Na vijana wetu wakaokota maganda wakajaza mfuko mzima wa plastiki, wanadhani wanafanya usafi, kumbe maganda mengine yana mwenyewe, kuna watu wanayakusanya wanayajaza upya baruti na kichwa cha risasi nyumbani ili kupunguza gharama, kwa hiyo unaokota yako, ya mwenzio unauliza kwanza. Bibi mmoja wa kizungu ilibidi awafuate kwa upole kuomba yake. Mnaona? Kila kitu pale kilimalizwa na upole wa watu wengine.

Sasa nije kwenye yasiyochekesha.

Vizibo vya masikio vilipoisha mlitugawia tishu. Tishu! Mlio wa bunduki nyingi unapita desibeli 140, na kwa kiwango hicho mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu wa mtu moja kwa moja, na wazoefu wanavaa kizibo ndani na kifuniko juu yake, vyote viwili. Mwanangu wa kaka alikaa na kengele masikioni mpaka kesho yake.

Chakula mkakiweka nyuma ya meza za kufyatulia, pilau na nyama, tukaambiwa karibuni, na sisi watu wa pwani na maziwa makuu pilau tunakula kwa mkono. Mikono ile ilikuwa imetoka kushika risasi na bunduki, imejaa vumbi la risasi, na risasi hapa nasema ile madini, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto na haifai kabisa kwa mjamzito, na mjamzito tulikuwa naye. Renji nyingi utakuta wamebandika unawe kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujala. Maji yenu yalikuwa ya kunywa tu na sabuni hamkubeba.

Mwongozaji kabla hajafukuzwa alikuwa anawapanga wasichana mkao kwa kuwashika mabega na kiuno bila kuwauliza. Mwalimu wa kweli anaonyesha kwa mwili wake mwenyewe, na akihitaji kukugusa anaomba ruhusa. Dada yangu alimwondoa mkono mara mbili. Hilo nataka mlijibu kwa maandishi, tena mlitaje waziwazi.

Na kuna mama wa Kivu Kusini, mtu mzima, aliyekuja kwa sababu wanawe walikuja. Mwongozaji akamwambia mbele ya watu "ninyi wa Kongo hizi si mmezoea". Mama akaenda akakaa ndani ya gari, madirisha yamefungwa kwenye jua la Arizona, viganja kwenye masikio, mpaka binti yake akamfuata na kumwashia kiyoyozi. Nusu ya watu waliokuwa kwenye lile basi walikimbia vita. Kumwambia mtu mapema kwamba pale milio haikatiki, kwamba anaweza kubaki nyumbani na hela yake akarudishiwa, hilo lingewagharimu nini? Nataka aliyemtamkia maneno yale aende kwake kumwomba radhi ana kwa ana, na aende na mtu mzima wa kumsindikiza kama tunavyofanya kwetu.

La mwisho ni kubwa kuliko yote na nadhani hamjui uzito wake. Mpwa wangu yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inasema mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, awe mwanafunzi, awe mtalii, awe bibi aliyekuja kusalimia wajukuu, haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, na renji ya kukodi imo humo humo, isipokuwa aingie kwenye zile ruhusa maalum kama kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Wenye grini kadi na walioingia kama wakimbizi katazo hilo haliwahusu. Fomu ya renji ilikuwa na swali hilo wazi kabisa, na mwongozaji wenu akawa anapita na kalamu anawaambia watu "weka hapana kote, fomu ndefu hii". Nilimnyang'anya mpwa wangu kalamu mkononi. Kosa la silaha linaweza kumrudisha mtu nyumbani na masomo yake yote yakaishia hapo, kwa ajili ya risasi kumi na picha moja! Na nilipoomba mnirudishie hela yake kwa kuwa hakushika kitu, mkanijibu "hakufyatua kwa hiari yake".

Ninachodai ni hiki. Hela ya mpwa wangu na ya mama wa Kivu irudishwe yote. Swali la viza liulizwe siku ya kulipia, kwa Kiswahili na kwa faragha, siyo pale kwenye foleni. Kanuni zile nne, amri za msimamizi, nguo, masikio na kunawa mikono, vyote vielezwe kwa Kiswahili watu wakiwa bado wameketi kwenye basi, na awaeleze mtu aliyefuzu kozi ya usimamizi wa renji, siyo kijana mwenye simu nzuri. Na yule mliyemtuma msimpeleke tena popote penye silaha, maana wakati tunaondoka nilimsikia anasema safari ijayo mtafunga kwa kupiga hewani kama harusini. Hapa Arizona kuna sheria ya kukataza kufyatua ovyo mjini, inaitwa ya Shannon, ya mwaka 2000, ilitungwa baada ya binti wa miaka 14 kuuawa na risasi iliyoanguka kutoka angani akiwa kwao hapa hapa Phoenix, Juni 1999. Mwambieni.

Nasubiri jibu lenu kwa barua pepe kabla ya mwisho wa mwezi. Kimya chenu nitakipeleka ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, dawati la walaji, na risiti zote ninazo. Hela mrudishe kwa njia ile ile tuliyolipia.

Ni mimi mteja wenu,
mjomba wa yule mwanafunzi