Picha za vitenge na hifadhidata

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi mno kusikia kwamba mama ameanza kuitumia programu yako dukani. Hilo la kujifunga kila akifungua orodha ya vitenge lisikukatishe tamaa, chanzo chake kinajulikana.

Picha unaziingiza kwenye SQLite, ile hifadhidata iliyo ndani ya programu yako, zikiwa nzima, kama zilivyotoka kwenye kamera. Kuandika hakuna shida, kasheshe iko kwenye kusoma. Android husoma majibu ya hifadhidata kupitia nafasi iitwayo CursorWindow, ambayo kwa kawaida ni MB 2 tu. Mstari wenye picha ya MB 4 haupiti hapo.

Halafu kuna kumbukumbu ya simu. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikishafunguliwa, kila pikseli hula baiti 4: hiyo ni MB 48! Ukisubiri ifunguke yote ndipo uipunguze, simu ya bei nafuu itakuwa imeshalemewa. Tumia kwanza mpangilio wa Android uitwao inJustDecodeBounds, ukupe upana na urefu bila kuifungua. Kisha weka inSampleSize, yaani kila upande ugawanywe kwa ngapi, iwe 4; picha itafunguka ikiwa 1000 kwa 750, MB 3 tu. Ihifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 80, na maua ya kitenge bado yataonekana vizuri.

Angalia pia mwelekeo. Kamera nyingi huuandika kwenye EXIF, yale maelezo yanayokaa ndani ya faili la picha, na ukiibana picha upya maelezo hayo hupotea, kitenge kikalala ubavu. Usome mapema, uizungushe picha, ndipo uhifadhi.

Ila ningekuwa mimi, picha kubwa ingekaa kama faili kwenye folda ya programu, hifadhidata itunze jina lake tu. Picha ndogo ya kwenye orodha, ya pikseli 200 hivi, iache ndani. Waundaji wa SQLite wenyewe walipima wakaona data isiyofika KB 100 husomwa haraka zaidi ikiwa ndani ya hifadhidata.

Zile za mama zilizokwama hazijapotea, usizifute. Zisome vipande vipande kwa substr(), amri ya SQLite ya kukata kipande cha data, kila kipande kisifike MB 1, uviunganishe kwenye faili. Fanya hilo kabla hujampelekea toleo jipya, maana zile picha amezipiga mwenyewe kwa mikono yake.

Nitumie sehemu ya kamera niipitie. Mama msalimie sana.

Wako akupendaye