Risala ya wafanyakazi kwa mgeni rasmi kuhusu kupanua kantini ya hospitali

Mheshimiwa mgeni rasmi, mganga mfawidhi, matroni, mama zetu wa kantini na wote mliopo, wakubwa shikamooni.

Tumefurahi sana umekuja, na kantini umeshaiona mwenyewe. Ilijengwa enzi hizo hapa ni kituo cha afya, meza sita na dirisha moja, na dirisha hilohilo ndo chakula kinatokea na ndo sahani chafu zinarudi. Saa saba mchana foleni inafika mpaka maabara, nesi katoka wodini mbio, ndugu wa mgonjwa kashika hotpoti anataka uji wa mzee wake, wote wanasubiri hapo hapo, na wengi wanaishia kula wamekaa chini kwenye korido.

Mheshimiwa, hapa wanakula watu wa presha na sukari. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema mtu mzima chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na chakula kilichoiva kikae kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 60, kikiachwa nje kisizidi saa 2. Mama zetu wanayajua haya vizuri tu, ila jiko la pili la kupikia maharage yasiyo na chumvi halipo, na wali ukiiva unakaa kwenye diaba umefunikwa kitambaa mpaka uishe.

Halafu kuni. Moshi wote unaingia wodi ya watoto, na humo kuna watoto wa nimonia wanaohangaika kupumua, hili linatuuma kuliko yote. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, sisi hospitali tulipaswa tuwe wa mwanzo.

Kwenye ramani tuliyokupa ukuta wa nyuma unabomolewa, vitu vibichi vinapita nyuma, chakula mbele, vyombo vichafu vina dirisha lao, masinki ya kunawa mlangoni, wilichea inapita bila kubebwa, na nje banda lenye mabenchi la ndugu wanaouguza. Tofali na mchanga tumechangishana vipo tayari, tunaomba utusaidie bati na mfumo wa gesi.

Na ombi la mwisho, jengo likiisha mama zetu hawa wasije wakaambiwa tenda kapewa mtu mwingine, wamepika kwenye moshi huu miaka yote, jiko jipya ni lao.

Tunaomba kuwasilisha.