Mjomba, wewe ndiye uliyeanza

Shikamoo mjomba.

Kwenye kikao cha harusi pale Tukuyu, ulipotajwa usomi wangu wa filamu chuoni, uliuliza mbele ya wazee wote: "Ng'ombe wameuzwa ili huyu akaangalie picha za Wasenegali?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mpwa habishani na mjomba wake kikaoni. Jibu nilikuwa nalo, ila simu zangu huzikata zikifika dakika ya pili ("vocha inaisha," unasema, na vocha ni yangu). Basi nimeliandika hapa.

Unakikumbuka kibanda chako cha video Mwanjelwa, Mbeya, kabla soko halijaungua mwaka 2006? Mabenchi ya mbao, turubai dirishani, jenereta inakohoa nyuma. Kanda za kung-fu zilikuja na Kichina chake, nawe ukasimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, unasimulia. Mzee mwenye ndevu nyeupe ulimfanya mwenyekiti wa kijiji. Adui alikuwa mnunuzi wa viazi anayedai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Akipigwa, banda zima linashangilia, na mama mmoja alikuwa akimtukana kwa Kinyakyusa. Picha ilitoka Hong Kong, lakini jioni ile ilikuwa ya kwetu. Namna picha inavyopata wenyewe ndiyo ninayosomea. Chuoni picha zisizo za Hollywood wanaziita sinema ya dunia, kana kwamba Marekani iko mwezini.

Msenegali uliyemcheka ni Ousmane Sembène. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akaona watu aliowaandikia wengi hawasomi. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa anakaribia miaka 40. (Mimi nina 23, na unasema nimechelewa.) Mwaka 1968 akatoa filamu ya Mandabi, watu wanaongea Kiwolofu, lugha ya kwao Senegali. Sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, na Wafaransa walitaka yao, kwa hiyo akapiga na toleo la Kifaransa. Linalokumbukwa ni la Kiwolofu.

Hadithi yenyewe inakuhusu. Mpwa aliyeko Paris anamtumia mjomba wake wa Dakar hawala ya posta, faranga 25,000. Posta wanataka kitambulisho. Mzee hana. Kukipata kunahitaji cheti cha kuzaliwa, na mwaka anaujua, tarehe haijui. Huku nyuma majirani wamesikia kuna hela, wanakuja kukopa. Mwisho ndugu mmoja mwenye suti anajitolea kumsaidia, anaila hela yote, kisha anamwachia gunia la mchele.

Nilimwonyesha bibi kwenye laptop mwezi wa saba, tumejifunika blanketi na moto wa kuni miguuni. Nikasimulia kama wewe, vibaya. Majirani walipoanza kuingia mmoja mmoja, bibi akasema, "Hao nawajua." Kwa yule wa suti aliomba turudishe nyuma amtazame tena. Senegali ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, na huyu mzee, miaka minane baadaye, bado anatakiwa kuthibitisha kwa karatasi kwamba yeye ni yeye. Mwalimu alitusomesha utambulisho wa taifa wiki tatu. Bibi aliuelewa pale kwenye foleni ya posta.

Sasa fikiria picha zetu wenyewe. Taifa ni Dar es Salaam: geti, kochi la ngozi, gari jeupe. Mnyakyusa akitokea, katokea achekeshe kwa lafudhi. Sijawahi kuona ndani ya picha hizo ukungu wa asubuhi Uyole, wala mtu aliyevaa makoti mawili anayesubiri Hiace. Na tuliwahi kupigwa picha zamani sana: mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa sinema kule Vugiri, Usambara, wakatengeneza filamu za kutufundisha kilimo, usafi na kuweka akiba posta. Waigizaji wengi Waafrika. La kusema walishapangiwa.

Kwa hiyo mjomba, hasira sina. Ombi ninalo. Krismasi nakuja na Mandabi kwenye flashi. Spika ya televisheni ya bibi imekufa na haidhuru, Kiwolofu hakuna anayekijua. Tafuta ile fimbo. Ila yule wa suti usimpe jina la mtu wa ukoo, kikao cha harusi hakijaisha.